Fundi wa Mbeleko

Mtu aliyesababisha nirudishwe kwa baba yangu hakuwahi kunitolea neno baya. Alikuwa jirani wa wakwe zangu pale Mkonze, na watu wote walimwita Fundi kwa sababu alilainisha ngozi, hasa ngozi za mbeleko za kubebea watoto. Nilimpenda yule mzee. Nasema hili mapema ili msije mkadhani nimekaa kitako kumsengenya marehemu. Nilimpenda, na mbeleko aliyonitengenezea kwa mikono yake ilimuuguza mwanangu wa kwanza nusura afe, naye akaja akajua, na alipojua akanyamaza. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, na mpaka leo sijui niyapange vipi.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshaifikisha reli Dodoma. Karibu na stesheni palijengwa banda la ngozi, na kila ng'ombe au mbuzi aliyekufa au kuchinjwa huku kwetu, ngozi yake iliishia pale, ikafungwa mizigo na kupandishwa treni kwenda pwani. Ngozi kavu ina adui yake, kijidudu kidogo chenye ganda jeusi kinachoitafuna polepole hadi inabaki vumbi. Kwa ajili yake palikuwa na unga mweupe uliokuja ndani ya mabati. Uliyeyushwa katika mapipa ya maji, ngozi zikatumbukizwa humo kisha zikaanikwa, na kijidudu hakizigusi tena. Miaka mingi baadaye mganga mmoja wa hospitali aliniambia unga ule unaitwa aseniki. Sisi tuliuita unga wa bandani tu. Fundi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Mkonze kuajiriwa kule, maana nani mwingine angeijua ngozi kuliko yeye?

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye pua kubwa ambayo watoto waliicheka kwa siri na yeye mwenyewe aliitegemea kuliko macho. Ngozi haikununuliwa pale bandani mpaka yeye ainuse. Aliikunja pembeni, akaisogeza puani, akafumba macho, kisha akasema: huyu alikufa kwa ugonjwa, huyu alichinjwa, hii ililowana mvua ikafichwa. Msimamizi alimwamini. Nyumbani ilikuwa vilevile. Alinusa maji kabla ya kuyanywa, akanusa uji, akanusa hata samli ya mama mkwe wangu mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo mtu mwingine yeyote angelijutia.

"Pua hii haijanidanganya hata siku moja," alikuwa akisema, na akaigonga kwa kidole.

Watu hakuwaweza. Ukimkuta na wageni atakaa kimya kama mkwe mpya, anatazama kucha zake. Ila akiwa peke yake na ngozi yake kivulini mwa ukuta wa tembe, nyumba yake ya paa la udongo, alizungumza nayo bila kuchoka. "Sogea hapa, mama. Hapa bado unakaza. Nani alikukasirisha?" Nilikuwa napita na mtungi kichwani nikimsikia, najiuma midomo nisicheke. Mkewe alikuwa ameshafariki, hakuoa tena. Nadhani alimalizia maneno yake yote kwenye ngozi.

Lakini kuhusu vitu vya stesheni huyo mpole alikuwa mkali ajabu. Reli ilituletea vitu ambavyo mama zetu hawakuvijua: mafuta ya taa, sabuni kali ya kufulia, viberiti, dawa za kila namna ndani ya chupa na mabati. Watu walivipenda, na tulivitia popote tulipopata nafasi. Siku moja aliingia kwa jirani wa upande wa pili, mama mmoja mnene mwenye watoto wengi, akakuta kibuyu kimetundikwa palepale kilipotundikwa siku zote kile cha asali. Akakinusa.

"Nani ametia mafuta ya taa humu?"

"Mimi, baba. Chupa imepasuka."

"Na mtoto akiamka na hamu ya asali, ataambiwa na nani kwamba chupa imepasuka?"

Hakungoja jibu. Alikitoa nje akakipiga kwenye jiwe la kusagia kikapasuka vipande, mafuta yakaingia mchangani, na ua mzima ukanuka mafuta ya taa kwa siku nyingi. Yule mama alilia, maana kibuyu kile kilikuwa cha marehemu mama yake. Baada ya mavuno Fundi alimletea kingine, alichokilima mwenyewe, akakikausha na kukifukizia moshi mpaka kikawa chekundu. Alikiweka mlangoni akaondoka bila hodi. Mama yule alichukua muda kabla ya kumsamehe, ila mafuta ya taa hakuyatia tena kwenye kibuyu, na sisi wengine tukaogopa kujaribu.

Mabati ya ule unga ndiyo yaliyomgombanisha na wanawake wote. Bati tupu kwetu lilikuwa mali. Halipasuki kama mtungi, halioti ukungu, unaweza kutekea maji ukalirithisha. Msimamizi wa banda aliyagawa bure, wala hakuona kosa. Fundi alitangulia kuyachukua yote, na kabla hayajatoka bandani akayatoboa kwa msumari, kila moja, chini na ubavuni, yasifae hata kuwekea mtama. Wanawake walimwita mchoyo, na wengine walimwita mchawi wa mabati. Yeye alijibu neno lilelile kila siku: "Vya stesheni vikae stesheni." Siku za kazi hakugusa ugali kwa mkono. Alikuwa na kijiko cha mti alichokichonga mwenyewe, akakitumia kulia ugali kama mtoto aliyekatazwa kuchafuka, na hata hivyo alikuwa ameshajisugua kwa mchanga mpaka kwenye viwiko.

Huyo ndiye aliyeniletea sumu nyumbani. Nikiwasimulia wajukuu wananiuliza, inawezekanaje? Na mimi nawajibu kwamba sijui, ila naelewa ilianzia wapi. Ilianza na machozi yangu.

Mbeleko ya mtoto wa kwanza hutoka kwa mbuzi wa ukoo wa baba. Ndiyo desturi yetu. Mbuzi huchinjwa, ngozi hupelekwa kwa Fundi, na mtoto hubebwa katika ngozi ya kwao ili ukoo wote umshike. Mwaka nilioshika mimba mvua ilikataa. Mume wangu alikuwa ameshakwenda kwenye kazi ya reli, huko mbele walikokuwa wakiielekeza Tabora. Mama mkwe alibakiwa na mbuzi mmoja anayekamuliwa, na hakuwa tayari kumchinja kwa ajili ya ngozi. Simlaumu kwa hilo. Maziwa yale ndiyo yaliyotushikilia. Lakini nilikuwa msichana, tumbo limefika mwisho, na kila nikiwaza mwanangu atabebwa kwa kitambaa kilichochakaa kama mtoto asiye na kwao, nilijificha nyuma ya zizi nikalia. Fundi alinikuta huko.

"Usilie, mwanangu," alisema, akiangalia kucha zake. "Mtoto hatabebwa na upepo."

Bandani, wakati wa kufunga mizigo, ngozi iliyopasuka ilitupwa. Alichagua ya mwanambuzi, laini, nyeupe yenye mabaka ya kahawia, iliyokuwa na tundu la kisu ubavuni. Ilikuwa imeshatumbukizwa kwenye pipa kama zote. Aliilowesha, akaisuuza kwenye maji ya korongo, akaisugua kwa mchanga, akaianika juani siku baada ya siku. Akainusa. Ule unga hauna harufu wala ladha, lakini yeye hakulijua hilo. Alijua pua yake. Ilimwambia pana ngozi, jua na mchanga, akaridhika. Kisha akaikanda kwa samli na udongo mwekundu, akaishonea shanga pembezoni, akanipa.

Sikuwahi kuwa na kitu kizuri kama kile, na sikuja kukipata tena. Nilijifungua msichana, nikamfunga mgongoni, nikapita nayo kisimani nikiwa nimenyoosha shingo kwa maringo. Nilimfunga asubuhi, nikamfungua mchana, nikamfunga tena. Meno yalipoanza kumwasha alikuwa akivuta ukingo wa ile ngozi na kuunyonya, na mimi nilifurahi kwa sababu alikuwa akinyamaza. Nilipokuwa nikitwanga nilikuwa nikimsogezea ule ukingo mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe. Kati ya yote, hili ndilo linaloniamsha.

Alianza kutapika. Tumbo likamwenda mbio, likatulia, likarudi. Shingoni na kifuani akatoka vidonda ambavyo samli haikuviponya, na kadiri ngozi yake ilivyokauka ndivyo nilivyozidi kumkumbatia na ile mbeleko. Mgongo wangu uliniwasha pia, nikadhani ni joto. Alipofikia umri wa kutambaa hakutambaa. Alikaa pale alipowekwa, macho makubwa, nywele zimekuwa chache.

Huku kwetu, na sehemu nyingi nyingine, mtoto anayenyonya akidhoofu namna hiyo husemwa amebemendwa. Maana yake mama ametembea na mwanamume wakati ananyonyesha, na maziwa yake yameharibika. Mume wangu alikuwa mbali. Hesabu ilikuwa rahisi.

"Niambie mwenyewe," mama mkwe alisema. Alikuwa anapepeta uwele, hakuinua macho. "Nani alikuja hapa?"

"Hakuna aliyekuja, mama."

"Mtoto anasema amekuja."

Mtoto alikuwa mikononi mwangu, na yeyote mwenye macho aliona anachosema. Hilo ndilo lililonivunja. Wangenipiga ningebishana nao. Lakini nilimtazama mwanangu, nikaanza kujisaka mimi mwenyewe. Kuna mchunga ng'ombe niliyewahi kucheka naye kisimani. Kuna ndoto niliyoota mume akiwa safarini. Nikajiuliza kama mwili unaweza kutenda jambo mwenyewe asilijue. Nilipomnyonyesha nilikuwa nikifumba macho kwa aibu, kama mtu anayempa mgeni chakula kilicholala.

Siku moja kabla sijarudishwa, Fundi alikuja kumjulia hali mtoto. Mama mkwe alikuwa ametoa ngozi zote nje azikung'ute, maana vijidudu vilikuwa vimeingia ndani ya tembe. Ngozi ya kulalia ilikuwa matundu matupu. Akaiinua mbeleko, akamwonyesha.

"Mikono yako ina baraka, Fundi. Hivi vimetula mpaka kitanda, lakini hii havijaigusa."

Nilimwona akiichukua. Akainusa, akaigeuza, akainusa tena. Akaukuta ule ukingo uliolainika kwa mate ya mwanangu, akaushika muda mrefu. Nilidhani anaisifu kazi yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ngozi imekaza, ataichukua ailainishe upya. Akaenda nayo. Kesho yake alileta nyingine, aliyoikata kutoka kwenye ngozi aliyokuwa akilalia yeye. Ile ya kwanza sikuiona tena.

Siku hiyohiyo nilirudishwa kwetu Bahi. Mtoto alibaki, kwa sababu ni wa ukoo wao na kwa sababu maziwa yangu yalishahukumiwa. Nilipopita mbele ya nyumba ya Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa. Nilisimama nikidhani ataniaga. Akakifunga, akaingia ndani. Njia nzima maziwa yalinitoka yakalowesha nguo, nami niliyaona machafu, nikayakamulia vichakani nisiyatazame.

Mtoto akapona. Mbeleko mbaya ilikuwa imeondoka siku moja tu kabla yangu, na nani angeijali mbeleko? Watu waliona mama ametoka na mtoto akanenepa. Vidonda vikakauka, nywele zikaota, akatambaa, akasimama. Habari zilinifikia Bahi na wachukuzi wa chumvi, na kila habari njema ilikuwa ushahidi mwingine dhidi yangu. Nilishukuru mwanangu anaishi, na nilijichukia kwa sababu anaishi bila mimi. Mume wangu aliagiza neno kutoka relini kwamba uamuzi wa mama yake ndio wake. Baba yangu hakuniuliza kitu, akanionyesha pa kulala. Ningeweza kwenda Mkonze kumwona mtoto hata kwa mbali. Sikwenda.

Kisha ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza. Askari walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo, mume wangu akiwemo, na hajarudi mpaka leo. Banda la ngozi likafungwa. Katika siku hizo mchukuzi mmoja wa chumvi aliniletea ujumbe: Fundi anaumwa, anakuita, anaomba usikatae.

Nilimkuta ameketi uani, amekonda hadi pua imekuwa nusu ya uso. "Mbukwa, baba," nikamwamkia kwa kilugha chetu. Alinyoosha mikono akanionyesha viganja. Vilikuwa vimeota vinundu vigumu, vingi, vimebana pamoja, na ngozi ya mikono imekuwa na madoa meusi na meupe.

"Unaona? Mimi niliushika unga ule miaka yote kwa kujihadhari," alisema. "Mwanao niliutia mdomoni mwake."

Akanieleza yote, mfululizo, kwa maneno mengi kuliko niliyomsikia akimwambia mtu yeyote: ngozi ya bandani, korongo, jua, na vile vijidudu vilivyokataa kuila. Alisema aliichoma mbeleko siku ileile na kuuzika majivu mbali na kisima.

"Ulijua nilipopita mlangoni kwako?"

"Nilijua."

"Ulitaka kusema nini?"

"Hayo niliyokwambia sasa." Akavirudisha viganja mapajani. "Mtu aliyempa mtoto sumu ana jina moja tu, mwanangu. Wangenichoma ndani ya nyumba. Nikajiambia, ngoja mtoto apone kwanza, nitasema. Akapona. Nikajiambia, ameshapona, nani atafaidika?"

"Mimi," nilisema.

"Ndiyo. Wewe."

Sikumpigia kelele. Ningependa kusimulia kwamba nilimpigia kelele. Nilichohisi kwanza ni mwili wangu kurudi kuwa wangu, kama mkono uliolala unavyorudi, kwa maumivu. Kisha nikakumbuka ukingo wa ngozi, na mkono wangu ukiusogeza mdomoni mwa mtoto, na ile raha ikaisha. Nilimwambia ainuke, aje akaseme mbele ya mama mkwe. Alikuwa anangoja nimwambie hivyo. Tulikwenda polepole, ameniegemea, uzito wake kama wa mtoto.

Mama mkwe alikuwa amezeeka. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akaniangalia, akaangalia chini. "Mimi niliona alichoniambia mtoto," alisema. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa, akanikabidhi mimi, siyo Fundi, na akamwita mjukuu wake.

Alikuwa ameota meno ya mbele upya, magoti yana vumbi. Alipomwona Fundi alikimbia akamshika mkono, ule ule wa vinundu, bila kinyaa. Baadaye nilijua kwamba miaka yote ile hapakuwa na siku iliyopita bila Fundi kumtembelea mtoto, na kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kutembea. Nilimmiminia maziwa kwenye kata, nikamnyooshea. Hakuyapokea. Alimuuliza yeye.

"Babu, nikinywa kwake si nitaumwa tena?"

Fundi alitoa mkono wake kwenye mkono wa mtoto. Nilimwona akifanya hivyo, na najua alikuwa anaachia kitu pekee alichokuwa nacho.

"Hapana. Huyu hakukuuguza. Aliyekuuguza ni mimi. Ile mbeleko niliyoitengeneza ilikuwa na sumu, na mama yako hakujua."

Mtoto alirudi nyuma hatua moja. Nikaona sasa zamu yangu imefika, kwamba atageuka aje kwangu. Aligeuka kweli.

"Kama hukuwa wewe," aliniuliza, "kwa nini hukuja?"

Nilikuwa na majibu mengi ya watu wazima, na mbele ya yule mzee aliyekwisha kusema lake hakuna hata moja lililofaa. Nikamwambia kwamba niliwaamini waliosema ni maziwa yangu. Nikamwambia niliogopa nikimgusa atakufa.

Alinisogelea. Akaichukua kata mkononi mwangu, akaenda akakaa peke yake ukutani, mbali nami na mbali na Fundi, akanywa maziwa yote akiwa ametugeuzia mgongo.